Sala Ambayo Meneja Hakuweza Kuikatiza

Bwana asifiwe, na wale wamekaa karibu na mlango pia waitikie. Naitwa Mama Shiro, nakaa hapa Kitengela, na nimeokoka. Nasimama kueleza vile Mungu alituokoa kwa shamba la maua bila kututoa kazini.

Ndugu zangu, nilikuwa kibarua huko barabara ya Isinya. Unachaguliwa asubuhi langoni, jioni huna kazi tena. Mshahara ulikuwa chini ya ule serikali imeweka, na kila mtu alijua, hata mlinzi. Maua yakipigwa dawa, tulirudishwa ndani kabla haijakauka. Macho yaliwasha, kifua kikabana. Aliyelalamika, kesho yake langoni macho ya meneja yalimpita kama hayuko.

Huyo meneja alikuwa mzee wa kanisa. Kabla ya kazi tulisimama pamoja tukaomba, na mimi ndiye niliongoza kwa sababu niko na sauti. Nilishukuru kwa ajili ya kazi, nikashukuru kwa ajili ya meneja. Nilimwomba Mungu nguvu za kuvumilia, akanipa nyingi, nikavumilia hata yale hakuniambia nivumilie. Baada ya Amina tukaingia kwenye dawa.

Asubuhi moja Naserian, tuliyekuwa tukikata waridi pamoja, alikuja ameshika tumbo. Mimba ilikuwa kubwa. Aliniambia mtoto hajacheza tangu jana, lakini anaogopa kuomba ruhusa. Wakati huo meneja akaniita niombe. Nilifumba macho nikitaka kushukuru kama kawaida, mdomo ukakataa.

Nikasema, "Baba, unajua hatuna glavu. Unajua tunaingia dawa ikiwa bado mbichi. Unajua mshahara sheria inasema, na ule tunapewa unaujua. Mtoto wa Naserian ameacha kucheza. Mguse mwenye uwezo, Baba, na yuko hapa."

Malalamiko mtu anaweza kuyakatiza. Sala ni ngumu, hasa ukiwa mzee wa kanisa na umefumba macho. Kwa hivyo niliomba kirefu. Nilijua kazi yangu inaishia hapo, na watoto wangu walikuwa wanakula kwa hiyo kazi. Nilipomaliza, vibarua wote waliitikia Amina ambayo sijaisikia hata kwa krusedi. Meneja naye aliitikia, pole pole, kisha akamwambia Naserian aende hospitali.

Huko walisikia moyo wa mtoto ukipiga. Nililia, siwafichi.

Kesho yake nilienda langoni bila matumaini. Meneja alinichagua, akamchagua Naserian pia, lakini akasema leo mimi nipumzike, Naserian aombe. Naserian ni mtu wa maneno machache. Alifumba macho.

"Enkai," akasema, akimwita Mungu kwa Kimaasai, "tunaendelea pale Mama Shiro aliachia."

Siku iliyofuata akateuliwa mwingine, naye akaendelea. Glavu zilikuja kwanza. Halafu tukaanza kungoja dawa ikauke. Mshahara ulijivuta sana, lakini ulifika pale sheria inasema.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu, na mtoto wa Naserian ndiye huyo analia hapo nyuma, mwacheni alie. Kama kuna mtu hapa anaonewa kazini, amtegemee Bwana, hajawahi kuniacha. Lakini usiombe ukiwa umejifungia chumbani peke yako. Omba kwa sauti, na mwenye kuhusika akiwa amesimama karibu.