Soksi Dirishani mwa Darasa la Kwanza

Kijiwe chenyewe kilikuwa dawati la darasa la nne. Wanajeshi walipoingia shuleni "kwa wiki mbili tu", walilitupa nje ya ukuta, na huu mwaka wa pili limekaliwa na watu wazima, magoti kidevuni, wakinywa kahawa na kulitazama lango la shule. Mwalimu Mkuu, ambaye wanafunzi wake mia tatu wanasoma kwa zamu kwenye ghala la mbao, hukaa pembeni kabisa, kikombe mkononi, roho langoni. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetangaza: madaraka yatarudi kwa raia Januari.

— Wanaondoka! alisema Kinyozi, ambaye kijiwe kilimbatiza Redio Mbao. Wiki hii wote wamekuja kunyoa. Mtu hanyoi bila safari.

— Juzi ulisema wamefuga ndevu, kwa hiyo wanaondoka.

— Ndevu ni nia. Kunyoa ni utekelezaji.

Aliyemkosoa alikuwa Muhuri, karani mstaafu, anayeyajua matangazo ya serikali kwa namba kama wengine wanavyowajua wajukuu.

— Tangazo la Nne liliahidi Januari. La Tisa likaiahirisha. Hili ni la Kumi na Moja, na halikusema Januari ya mwaka gani.

— Taratibu, mzee, alisema Redio Mbao. Mwenda pole hajikwai.

— Hawa hawajajikwaa kwa kuwa hawajaenda!

— Na lile lango walilopaka rangi? Mwalimu aliuliza kwa sauti ndogo.

— Heshima hiyo, Mwalimu! Mpangaji mstaarabu hupaka rangi akihama.

— Wamepaka kijani cha jeshi, Redio, alisema Muhuri.

— Basi watahama na lango.

— Mgeni siku mbili, alidakia muuza kahawa akimimina, ya tatu mpe jembe.

— Wana bunduki. Nenda kawape wewe, Muhuri alimjibu.

Lango likalia. Sajenti mmoja, kwa fulana na kandambili, akavuka barabara. Redio Mbao akajikuta anaisifu hali ya hewa.

— Shikamoo, Mwalimu.

— Marahaba.

— Binti yangu ametimiza miaka saba. Mama yake anamleta Januari, aanze darasa la kwanza.

Mwalimu akameza kahawa iliyokwisha zamani.

— Hongera.

— Sasa, Sajenti alisema, akigeuka kulitazama dirisha la darasa la kwanza, zilikoanikwa soksi zake, atasomea wapi?

Redio Mbao akamtazama Muhuri. Muhuri akayapitia matangazo yote kumi na moja kichwani, akatoka mikono mitupu.

Mwalimu akajisogeza, akaachia nafasi kwenye dawati.

— Keti, mwanangu. Foleni ya swali hilo inaanzia hapa.