Kristiana Mwanisawa na Haki ya Mwenye Kovu

Wanamapambano wenzangu wa wodi ya wazazi: wakunga, madaktari, wahudumu, na ninyi akina mama mliokuja leo na makovu yenu huku mmeinua vichwa!

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Muuguzi Mkunga Kristiana Mwanisawa anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi katika hospitali yetu hapa Sumbawanga. Kuna wanaodhani kwamba ataondoka na jambo moja: haki ya mama aliyewahi kupasuliwa kuulizwa, kupimwa na, hali yake ikiruhusu, kusaidiwa kujifungua kwa njia ya kawaida. Wiki mbili zilizopita limebandikwa tangazo la uongozi karibu na mlango wa wodi. Linasema kwamba kuanzia tarehe mosi Julai kila mwenye kovu apangiwe upasuaji, kwa kuwa mkunga mwenye uzoefu anaondoka. Sisi wanafunzi wa ukunga tuliopewa kazi ya kuandika wasifu wake tumeuandika tukilitazama tangazo hilo, na tunatamka mapema kwamba hatukubaliani nalo.

Mama Kristiana alizaliwa Kizwite, katika familia ya wakulima wa mahindi na ulezi. Aliripoti kazini Machi 1989 akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, juu ya baiskeli ya kaka yake isiyokuwa na breki. Wa zamani wanasimulia kwamba siku ile ya kwanza alisimama kwa kuugonga ukuta wa jiko la hospitali, akajipangusa vumbi, akampa shikamoo kila aliyetoka kuchungulia, kisha akauliza wodi iko wapi. Baiskeli amebadilisha mara nne. Tabia ya kutosimama mpaka akutane na ukuta hajaibadilisha.

Kwa miaka mingi alifanya kazi kama wengine. Mwenye kovu akifika, kadi yake huandikwa kwa wino mwekundu na safari yake inakuwa imekwisha kuamuliwa. Kisha ukaja mwaka 2007, na Dominika, mke wa mvuvi wa Wampembe. Dominika alikuwa amepasuliwa kwa uzazi wa kwanza, naye alikuwa ameambiwa na kila mtu, wakiwemo watumishi wa afya, kwamba aliyekatwa mara moja atakatwa daima. Mimba ya pili ilipoingia, hakwenda kliniki. Alilificha kovu, akaugulia uchungu nyumbani, na mfuko wa uzazi ukapasuka. Alipofikishwa kwetu hakukuwa na la kuokoa, si mama wala mtoto.

Mama Kristiana alimwosha kwa mikono yake. Katika kikao cha kujadili kifo kile, wazungumzaji walilaumu ujinga wa wanakijiji. Yeye alisimama akasema maneno ambayo katibu wa kikao aliyaandika yote: “Huyu hakukimbia hospitali. Alikimbia hukumu. Na hukumu tuliitoa sisi, bila kumsikiliza.”

Hapo ndipo ilipoanza kazi tunayoisherehekea. Alisoma. Aliomba ruhusa ya mafunzo mara tatu, akanyimwa mara mbili. Alirudi na utaratibu ambao leo wanafunzi wa ukunga tunaufahamu kwa moyo. Mama awe amepasuliwa mara moja tu, kwa mkato wa mlalo sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi. Sababu ya upasuaji ule isiwe ya kujirudia. Awe amepumzika vya kutosha kati ya uzazi na uzazi. Uchungu uje wenyewe, na usisukumwe kwa vidonge. Mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe bila kuchoka, mkunga asitoke kando ya kitanda, na chumba cha upasuaji kiwe tayari muda wote. Kisha, juu ya yote, mama mwenyewe aelezwe hatari za njia zote mbili na achague.

Tatizo lilikuwa karatasi. Kovu la nje ya ngozi halisemi ndani kulikatwaje. Inayosema ni karatasi aliyopewa mama aliporuhusiwa kutoka hospitali baada ya upasuaji ule wa kwanza, na karatasi hizo zilikuwa zikifungiwa vitumbua. Mama Kristiana, Mfipa na Mkatoliki wa kuzaliwa, alijua kuna karatasi moja isiyopotea katika nyumba za uwanda huu. Akaanza kuwaambia akina mama kliniki: itunzeni kama cheti cha ubatizo.

Ushauri ulikuwa mzuri kupita kiasi. Mwaka 2016 alifika Salome, naye wa Wampembe, akiwa na uchungu wa mimba ya pili na bila karatasi. Daktari Eustaki, daktari wetu wa uzazi, alikuwa ameshaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe, na kwa taratibu alikuwa sahihi. Mama Kristiana akamuuliza Salome karatasi iko wapi. Salome akajibu kwa heshima kwamba ameitunza kama alivyoagizwa: amemkabidhi katekista, nayo imefungiwa kwenye sanduku la kanisa la kigango pamoja na daftari la ubatizo.

Katekista Baltazari alipigiwa simu saa nne asubuhi. Alikuwa shambani. Alikwenda kufungua sanduku, akapanda kilimani kutafuta mtandao na, kwa kuwa simu yake ilikuwa kitochi kisichopiga picha, akasoma. Simu ya Daktari Eustaki iliwekwa kwenye spika, wodi nzima ikasikia. Baltazari alisoma kwa sauti ya Jumapili, taratibu, akitua kila penye nukta: mtoto alitanguliza matako, mkato wa mlalo, sehemu ya chini, hakukuwa na matatizo, namba ya jalada hii hapa. Alipofika mwisho akasema, kwa mazoea, “Neno la Bwana.”

Wodi ikaitikia, “Tumshukuru Mungu!” Inasemekana hata Daktari Eustaki aliitikia, ingawa hadi leo anakana.

Daktari alipiga simu hospitali iliyompasua Salome, akataja namba ya jalada, wakathibitisha kila neno. Akamgeukia mkunga: “Haya, mama. Lakini thieta haifungwi, na ukiona kitu chochote unaniita.”

“Nitakuita hata nisipoona, baba. Ukae karibu.”

Saa kumi na dakika kumi jioni Salome alijifungua mtoto wa kike kwa njia ya kawaida, kilo tatu na gramu mia mbili. Salome alikuwa mwenye kovu wa kwanza kutoka Wampembe kujifungua hivyo kwetu.

Wapo watakaosema tunasifia ukaidi. Basi waulizwe waliokuwepo siku ya Agnesi wa Mazwi, mwaka 2021. Kila sharti lilikuwa limetimia, na Agnesi mwenyewe alitamani mno kuzaa bila kisu. Saa sita mchana mapigo ya mtoto yalianza kushuka na Agnesi akalalamika maumivu juu ya kovu hata uchungu ulipopoa. Mama Kristiana hakubishana na alichokisikia. Alisukuma machela mwenyewe, akimwambia Agnesi njia nzima, “Mwanangu, hujashindwa. Tumesikiliza, na tumesikia.” Mtoto alitolewa akilia, na mama yuko hai; wote wawili wamekaa mstari wa mbele leo. Anayejua wakati wa kusubiri na wakati wa kukimbia, huyo si mkaidi. Ni fundi.

Sasa na tulijibu tangazo. Linadai uzoefu unaondoka. Uzoefu gani, wakati mama huyu amewafundisha wakunga wanane waliopo kazini hivi sasa? Amewakalisha kando ya vitanda, akawafunga midomo wakisema kwa kubahatisha, akawafanya wasikilize tena. Tangu 2009 hadi mwezi uliopita, akina mama mia mbili na kumi na mmoja wenye kovu wamejaribu mikononi mwake na mwa wanafunzi wake. Mia moja hamsini na wanne wamejifungua kwa njia ya kawaida, waliobaki wamepasuliwa kwa wakati. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekufa. Kuwarudisha kwenye wino mwekundu kwa sababu mtu mmoja ametimiza miaka sitini ni kuwarudishia akina mama wa Wampembe sababu ya kujificha. Tutakataa kwa hoja, kwa takwimu, na kwa kuwepo. Daktari Eustaki ametia saini barua ya kupinga. Wakunga wote wanane wametia saini.

Mama Kristiana, asante kwa kila saa uliyosimama. Nenda ukapalilie ulezi wako Kizwite, ulale mpaka jua litoke, ule kwa wakati, na usiitwe na mtu yeyote. Tunakuombea afya, utulivu, na wajukuu wenye kelele.

Na ninyi wengine, ndugu zangu, kazi haijastaafu. Uongozi umekubali kutusikiliza Jumatano, tarehe 2 Julai, saa mbili kamili asubuhi, katika ukumbi wa kliniki ya wajawazito. Viti ni thelathini tu. Wajawazito watakaa, sisi tutasimama.