Nyumba ya Malori na Baiskeli Yangu

Salaam aleikum kwa watu wa salaam, na nyinyi wengine habari zenu. Nimeambiwa niongee kidogo, na mimi ni mwalimu, kwa hivyo mnivumilie.

Ndugu zangu, wengi wenu hapa mliumia barabarani, sina haja ya kuwaeleza ajali ni nini. Yangu ilitokea tukitoka arusi huko Garbatulla. Gari lilipinduka kwenye mchanga, tukatolewa kupitia dirisha. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Mimi nilivunjika mkono, ukaungwa, ukapona. Watu walikuja kunipa pole, wakanywa chai, wakasema mambo yameisha.

Hayakuwa yameisha. Siku ya kurudi kazini nilifika steji, mguu ukakataa kupanda gari. Niliuamuru kama ninavyoamuru watoto wangu wa darasa la tatu, bado ukakataa. Nikarudi nyumbani nikasema kichwa kinauma. Boda nayo ilinishinda vivyo hivyo. Mume wangu ni dereva wa lori. Alinipeleka mwenyewe, polepole kama amebeba mayai, na hata yeye nilimwomba asimame nitapike. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi unyasi wangu ulikuwa kila kitu chenye injini.

Sasa oneni aibu yake. Nimeolewa katika nyumba ya malori. Babu wa mume wangu alikuja huku akiwa askari wa mkoloni, watoto wake wakaingia kwa usafirishaji, na mpaka leo ukiuliza kwetu unaambiwa, pale kwa watu wa malori. Basi mke wa nyumba hiyo ndiye alionekana akienda kazini kwa miguu, viatu vizuri amevitia kwa mfuko. Shule yangu iko Ngaremara, na wanaopajua wanatikisa kichwa kwa umbali wake. Nilikuwa nafika vipindi vya asubuhi vimekwisha. Mwishowe mwalimu mkuu, mama Mmeru mpole sana, aliniita ofisini. Akaniambia kwamba muhula ukifungwa itabidi aarifu wakubwa kuwa hana mwalimu. Alisema hayo akiangalia meza. Kufundisha ndiyo kazi ninayoijua, na ndiyo kazi ninayoipenda. Nililia mbele yake bila haya.

Ndipo akakumbuka kuna baiskeli kuukuu kwenye stoo ya shule. Akasema niichukue, bora inifae mimi kuliko panya wa stoo. Lakini sikujua kuendesha. Kwetu kaka zangu ndio walifunzwa, na msichana akigusa baiskeli aliulizwa anaenda wapi. Niliisukuma mpaka nyumbani, nikaificha nyuma ya zizi la mbuzi ili mama mkwe wangu asiione.

Aliiona kabla ya chai ya jioni. Nilisimama nikingoja maneno. Alifinya tairi, akauliza ni ya nani, na mimi nikamwaga yote: kichwa ambacho hakikuuma, kutapika, muhula kufungwa. Halafu akaniita "Hooyo", yaani mama, maana kwetu mama humwita mtoto wake vilevile mtoto anavyomwita yeye.

"Hooyo," akasema, "hii nyumba imekula kwa magurudumu. Hakuna mtu aliapa lazima yawe mangapi."

Kesho yake baada ya swala ya alfajiri alinitoa uwanjani. Alikunja dera lake kiunoni, akashika kiti kwa nyuma, akaniambia nikanyage. Tulianguka. Tulianguka tena, sisi wote wawili, na mtaa mzima ukaja kutazama. Mzee mmoja akauliza kama siku hizi lori letu limekonda. Mama akamjibu aje ashike upande ule mwingine ama aende zake. Nilicheka mpaka nikasahau kuogopa, na hapo ndipo baiskeli ilienda. Nilipogeuka nilimwona ameketi mavumbini, anahema na kucheka. Siku hiyo nilimpenda kama aliyenizaa.

Akanishonea suruali pana ya kuvaa ndani ya buibui, nguo isinaswe na cheni. Nikaanza kwenda Ngaremara. Mtaniuliza, kwani malori hayako barabarani? Yako. Siku za kwanza nikisikia moja nyuma yangu nilishuka, nikasimama pembeni mpaka lipite. Lakini kwa baiskeli breki iko mkononi mwangu, na nikitaka kushuka simwombi mtu. Hiyo ndiyo iliniponya. Muhula ulifungwa nikiwa darasani, na mpaka leo niko darasani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu mkuu, namshukuru mume wangu ambaye hakunicheka, na huyo mama aliyeketi pale nyuma, amenikataza nisimtaje. Sijamtaja jina.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akiogopa, usimwambie asiogope, ameshaambiwa sana. Muulize umshike wapi. Na kama kuna mmoja wenu alikuja hapa kwa miguu leo kwa sababu gari limemshinda, asione haya na asiondoke peke yake. Aningoje pale mlangoni. Nitasukuma baiskeli yangu kando yake mpaka kwake.