Asger Lindegaard, Mtunza Nafasi Tupu (1968–2024)

Asger Lindegaard alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 mjini Thisted, mtoto wa kwanza wa marehemu Holger na marehemu Ellen. Baba yake alipanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Akiwa na miaka mitano, Asger aliokota sakafuni kipande kisicho na herufi, akauliza kinaandika nini.

"Hakiandiki kitu," baba akamjibu. "Lakini kitoe, uone maneno yatakavyogongana."

Kipande hicho alikaa nacho mfukoni hadi kikamtobolea suruali tatu.

Alisoma Thisted hadi sekondari, kisha akahitimu masomo ya kompyuta mjini Aalborg mwaka 1993. Kuanzia 1999 alitunza, kwa mapenzi tu, programu inayogeuza maandishi yenye alama za mpangilio, kama vinyota, kuwa kurasa za kusomeka. Watu wasiomjua walimwandikia kutoka mbali. Mama mmoja wa Tartu alisema kwamba kila alipohifadhi maelezo ya keki, programu iliweka mkwaju, yaani kistari cha mshazari, mbele ya kila kinyota, na safari iliyofuata ikaweka mkwaju mbele ya mkwaju. "Keki ya mama yangu imeota miiba, ndugu," alilalamika. Asger aliuliza kwanza keki yenyewe huokwaje. Aliioka, akaila, ndipo akarekebisha kasoro.

Yeye na Inger Mølbak walikutana katika kazi hiyo hiyo. Mwaka 2003 Asger alihangaika wiki tatu: watu walilalamika kuwa mistari inashikana, lakini majaribio yote ya kuipima programu yalipita. Katika maandishi hayo, nafasi mbili tupu mwishoni mwa mstari ndiyo alama ya kuukata. Kumbe kompyuta ya Inger ilifuta kila nafasi ya mwishoni, hata kwenye faili za majaribio, hivyo hapakubaki kitu cha kupimwa.

"Nilikuwa nasafisha tu," Inger akajitetea.

"Umefagia ushahidi, mpenzi."

Neno hilo la mwisho lilimtoka bila kukusudia. Walifunga ndoa Viborg tarehe 20 Agosti 2005, wakajaliwa binti, Signe.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliwauliza madaktari maswali mengi kuliko waliyomuuliza wao. Kilichomnyima raha ni kasoro moja aliyoogopa kuiacha: karani wa kanisa la Lemvig alikuwa amemweleza kwamba beti za nyimbo, mstari ukiishia na kinyota, zinamwagika kuwa aya moja. Kufikia Aprili 2024 vidole vyake havikuweza tena, ikawa yeye anasema, Inger anaandika.

"Sasa weka nafasi."

"Ngapi?"

"Mbili. Na usisafishe."

Tarehe 2 Mei jaribio lilipita. Alimwomba Inger alirudie, akalitazama tena, akacheka. Alifariki nyumbani Silkeborg asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024.

Ameacha mke, Inger, binti, Signe, na mdogo wake, Marna. Wimbo ulio nyuma ya karatasi hii umepitishwa kwenye programu yake. Kila mstari umekatika pale mwimbaji anapovuta pumzi.

Apate pumziko la amani, na nafasi aliyoiacha tusiifagie.