Bwana Barasa Aliyengoja "Lakini"

Tarehe 30 Juni 1957 Bwana Tobias Barasa anastaafu, baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa Thika kwa miaka ishirini na sita. Alikuja kutoka Bungoma akiwa dresa, mfunga vidonda, mwenye viatu vya kuazima. Anaondoka akiwa msaidizi wa utafiti wa magonjwa ya akili, mwenye viatu vyake mwenyewe, ingawa vinalia hata mgonjwa aliyelala hujua nani anakuja.

Wengi wanamfahamu kwa mashine. Tangu mwaka 1950 ndiye aliyeitunza mashine ya umeme wa kichwa, ile ambayo daktari huitumia kuushtua ubongo wa mtu aliyezama katika huzuni isiyokwisha. Barasa humshika mgonjwa mabega, humwekea kipande cha mpira katikati ya meno, kisha humwita kwa jina mpaka azinduke. Nyumbani kwake, hata hivyo, shati hunyooshwa kwa pasi ya makaa, kwa kuwa umeme, anasema, si kitu cha kuaminiwa.

Kazi yake katika utafiti ilikuwa kuwauliza wagonjwa hisia zao kabla ya umeme na baada yake, hapa na katika kliniki yetu ya Ruiru. Na kwa kuwa amelelewa vizuri, alianza kwa salamu kamili: habari ya nyumbani, ya shamba, ya watoto, na mwisho habari ya roho. Wagonjwa nao, waliolelewa vizuri pia, walijibu "Mzuri" kila mara. Katika miaka hii ya Hali ya Hatari hasa, ambapo neno moja humtia mtu kizuizini, nani angemjibu vinginevyo mtu anayeulizauliza? Barasa akaandika mzuri. Mwaka ulipoisha, utafiti ulionyesha kwamba watu wetu huingia hospitalini wakiwa wazima, hupigwa umeme, na hurudi kwao wazima vilevile. Tulimwita Bwana Mzuri, tukacheka mpaka mbavu zikatuuma.

Kicheko kilikatika daktari mgeni, Mzungu aliyeletwa kusimamia utafiti, aliposoma matokeo hayo. Aliamua kwamba ugonjwa wa huzuni haupo kwa Waafrika, basi mashine ihamishwe na wodi ya wagonjwa hao ifungwe mwisho wa mwezi. Wiki ileile Simeon Ndung'u, kibarua wa shamba la kahawa huko Ruiru, alimleta mkewe, Nyawira. Mwanamke huyo alikuwa ameacha kuchuma, kupika na hata kula, na mifupa ilikuwa imeanza kuonekana. Wodi ikifungwa, angerudishwa nyumbani kufa.

Barasa alimsalimu kama kawaida. Alipomaliza kuuliza habari ya roho, aliuma kiazi kitamu kilichotoka jikoni saa hiyo hiyo, maana huyu bwana hajawahi kukosa cha kutafuna. Nyawira akasema, "Mzuri." Kiazi kilikuwa moto, kikamchoma Barasa mdomo, akashindwa kutoa swali lililofuata. Akabaki ametoa macho. Kimya kilipozidi, Nyawira akasema polepole, "Lakini sioni haja ya kuamka."

Ulimi ulimuuma Barasa kwa siku kadhaa, lakini alirudi kwa kila mgonjwa, akasalimu, akapokea "mzuri" yake, akanyamaza. Zile "lakini" zikaja zenyewe: silali, watoto wangu naona ni kama wa jirani, chakula ni kama mchanga. Alimpelekea daktari mgeni zote, akaeleza kwamba kosa la mwaka mzima lilikuwa la salamu zake mwenyewe. Wodi haikufungwa.

Nyawira alitibiwa. Asubuhi moja aligombana na mpishi kwa sababu ya uji mwepesi, na Barasa, badala ya kumtuliza, alizunguka wodi nzima akitangaza kwamba amepona. Si wote waliopona. Wako waliobaki walivyokuwa, na wengine walisahau mambo waliyoyapenda. Hilo nalo aliliandika bila kulipaka sukari, ingawa tulimshauri alipunguze makali. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Sasa anarudi Bungoma na mkewe, Mama Nakhumicha, ambaye anatuambia kwamba kwao hakuna atakayemvumilia mtu anayesalimia kisha akakaa kimya akikutazama. Asante kwa masikio yako, Mzee. Tutakukosa, na hatuoni haya kusema hivyo.

Nyawira ameomba radhi kwamba hatafika kwenye sherehe. Kahawa imeiva, na siku hizi hutoka kwenda kuchuma Simeon akiwa bado anakoroma. Nenda na habari hiyo, pamoja na heri zetu zote.