Bi Maringo Hakumsalimia Mtu Njiani

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mshauri nasaha aliyezikwa Alhamisi. Jina lake silitaji. Yeye hakutaja majina ya watu, nami sitaanza na lake. Mtaani mlimwita Bi Maringo, kwa sababu hasalimii watu njiani. Nyinyi mliomwita hivyo, leo mtanisikiliza mpaka mwisho.

Hakuzaliwa hivyo. Binti yake anamkumbuka mama mwenye salamu ndefu kama kamba ya kisima. "Akitoka kununua chumvi, mboga inaungua jikoni," anasema, na kucheka, na kulia.

Kisha ikaja siku ya sokoni. Binti alikuwa na miaka tisa, ameshika kikapu. Mama akamwona mteja wake, mwanamke aliyekaa ofisini kwake siku mbili kabla. Akamwita kwa furaha: "Mwenzangu! Siku hizi unapata usingizi?"

Kando ya yule mwanamke alisimama mumewe. Akauliza polepole, "Huyu unamjulia wapi?"

Basi. Salamu ya upendo, wasikilizaji. Yule mwanamke hakurudi ofisini tena. Wiki mbili baadaye walipishana dukani. Mkono wake ulikuwa umefungwa bendeji. Alipomwona mshauri wake, alivuka barabara.

"Mama hakula siku ile," anasema binti. "Aliniambia, 'Mwanangu, ulimi wangu umemvunja mtu mkono.'"

Tangu hapo kila mteja aliambiwa siku ya kwanza: "Nje ya mlango huu mimi sikujui. Ukinisalimia, nitaitika. Usiponisalimia, nitakupita kama nguzo. Usinune."

Sasa fikirini, enyi mabingwa wa kusengenya. Angewasalimia wengine akawaruka wateja wake, si mngewajua kwa kuwahesabu aliowaruka? Ndiyo maana aliwaruka wote. Hakuwa wa kwanza kumsalimia mtu yeyote. Miaka kumi na tisa alibeba jina la maringo, ili mwenzenu apite sokoni salama. Nanyi mkambetulia midomo!

Hata daftari lake la miadi halikuwa na jina la mtu. Liliandikwa: Mwavuli, Jumatatu saa nne. Kikohozi, saa tano. Viatu Vipya, saa saba. Hayo nayo nimeyabadilisha, kwa hiyo msianze kuwanyatia wenye miavuli.

Mwaka jana mkuu wa ofisi aliingia chumbani kwake na mwanamume mmoja. Mfagizi alikuwa mlangoni, akasikia yote.

"Bibi, huyu ni rafiki yangu. Anataka kujua kama mkewe huja hapa."

"Amuulize mkewe."

"Mimi ni mkuu wako!"

"Naam, mkuu wangu. Mkuu wa mkewe si wewe."

Mkuu akalinyakua daftari, akafunua kurasa. "Mwavuli? Kikohozi? Upuuzi gani huu?"

"Ni wagonjwa wa roho, bwana mkubwa. Wewe ungependa niwaandikeje?"

Adhabu ikaja. Alihamishiwa stoo, chumba kisicho na dirisha, kati ya mifagio na ndoo. Barua ilisema hana ushirikiano. Hana ushirikiano! Wateja wake walimfuata humo humo. Walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakafungua mioyo yao. Wangapi kati yetu tuna mtu tunayeweza kumfuata stoo?

Kifua kilimshika humo. Hakikumwachia.

Na mkuu alikuja msibani, mkono kifuani. Akamwinamia binti: "Pole, mwanangu. Mama hakukuachia orodha ya wale watu wake?" Udongo haujakauka, wasikilizaji! Udongo haujakauka!

"Baba," binti alimjibu, "mama aliniachia kikapu."

Siku ile walikuja wageni wengi. Hakuna aliyesema alimjuaje marehemu. Mmoja alikuwa na mwavuli, na jua lilikuwa kali.

Juzi binti alikutana tena na yule mwenye mwavuli, nje ya kwa fundi cherehani. Macho yao yaligongana. Binti hakumjua ni nani, wala hakutaka kujua. Aliinamisha uso, akampita kama nguzo. Hatua mbili, tatu. Kisha akasikia nyuma yake:

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama."

Kila mmoja akashika njia yake.

Kwa binti, kwa ndugu zake, na kwa nyinyi mnaolia huku mmefunga milango kwa sababu hamwezi kusema mnamlilia nani: poleni. Poleni sana. Mungu amlaze pema.

Kwa mkuu wa ofisi sina pole. Nina jibu: orodha hutaipata.

Nasi tuliobaki, kila mmoja ana siri ya mwenzake mdomoni. Tujiulize tunaifanyia nini. Na leo mkipishana na mtu asiyewasalimia, msimbetulie midomo. Mpisheni njia. Huenda amebeba siri ya mtu.