Sahihi ya Mzazi: Tunamkumbuka Bi Karatasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kaeni vizuri. Aliye na sufuria motoni apunguze moto kidogo, maana leo sitaki mtu aniache katikati.

Leo tunamkumbuka mwalimu wa darasa la tatu. Alifundisha darasa hilo hilo kwa miaka thelathini na sita, katika chumba kile kile cha mwisho, karibu na bomba. Amefariki Jumatatu asubuhi akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Watoto walimwita Bi Karatasi. Wazazi nao wakamwita Bi Karatasi, na mwishowe hata mumewe nyumbani.

Niseme mapema, msije mkasema nimewaficha. Alinifundisha mimi. Na miezi miwili iliyopita, mimi nikiwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, alinipa kazi ya nyumbani. Kazi yenyewe ilikuwa kumwambia baba yangu jambo moja. Jambo la zamani, la aibu. Mpaka tunamzika mwalimu jana, nilikuwa sijalisema. Nitawaeleza yote, lakini tuanze mwanzo.

Alizaliwa mtoto wa kwanza wa mama aliyefua nguo za watu. Dada yake mdogo ameniambia hivi: "Tulicheza shule kila siku, na kila siku mwalimu ni yeye. Hakutoa zamu hata siku moja. Ukilalamika anakwambia, haya, wewe uwe mwalimu mkuu, kaa ofisini usitoke. Ofisi yenyewe nyuma ya mlango. Nimekua nyuma ya mlango mimi!"

Basi akakua, akasomea ualimu, akapewa darasa la tatu, akagoma kuondoka. Walitaka kumpandisha cheo mara mbili. Mara mbili akakataa.

Jina la Bi Karatasi lilitokana na Ijumaa. Kila Ijumaa, kengele ya mwisho ikikaribia, aligawa karatasi ya kazi ya wiki. Kila Ijumaa, wasikilizaji, mvua au jua. Aliziandika kwa mkono, akipachika kaboni katikati, nakala nne kwa mpigo. Nakala ya juu ilikuwa nzuri. Ya nne ilikuwa hafifu, unaisoma kwa kuikisia. Kwa hiyo alikuwa na orodha ya zamu, nani wiki hii apate hafifu. Hakuna aliyeonewa.

Wakati huo karatasi ilikuwa ya hesabu tupu. Hesabu kumi. Na chini kabisa, mstari mmoja: *Sahihi ya mzazi*, halafu vidoti.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa.

Nyumbani kwetu aliyekuwa akiweka sahihi ni mama. Muhula ule mama alisafiri kwenda kumuuguza bibi. Tukabaki mimi na baba. Baba yangu ni seremala. Kitanda nilicholalia alikitengeneza yeye, na meza tuliyolia chakula, na milango ya nusu ya mtaa wetu. Lakini baba hakujua kusoma. Hakusoma hata herufi moja. Hata futi ya chuma hakuitumia. Alikuwa na kijiti chake chenye mikato, mkato mrefu na mkato mfupi, na kwa kijiti hicho alipima kila kitu, na kabati likaingia kwenye kona bila hata upenyo wa karatasi.

Jumamosi alasiri nikamaliza hesabu zangu. Nikampelekea baba karakanani. Akachomoa penseli yake sikioni, ile bapa ya mafundi, akafuta vumbi la mbao mezani.

"Wanataka nini hapa?"

"Sahihi ya mzazi, baba."

Akafikiri. Baba alikuwa amezoea kufungua daftari langu na kutazama alama nyekundu za mwalimu, zile za vema. Mimi humwambia, "Baba, leo nimepata sahihi nane," naye huzihesabu kwa kidole, moja, mbili, mpaka nane. Kwa hiyo sahihi aliijua. Aliijua kuliko neno lolote la shule. Akainama, akaikamata karatasi vizuri, na juu ya vile vidoti akaweka alama kubwa ya vema. Nene. Imenyooka. Akaitazama akaridhika.

"Haya. Mzazi amesahihisha."

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilijua si hivyo. Nikanyamaza.

Jumatatu Bi Karatasi akakusanya. Akafika kwenye yangu, akasimama.

"Nani ameweka alama hii?"

Nikasema, "Mimi."

"Wewe? Umejisahihishia mwenyewe, tena ukajifanya mzazi?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nikasimamishwa mbele, uso ukutani, kipindi kizima. Wenzangu walivunjika mbavu. Wakanibatiza jina la Mzazi. "Mzazi, tuletee chaki!" "Mzazi, shikamoo!" Nikajikaza kisabuni, machozi yakakaa mlangoni hayakutoka.

Habari ilimfikia baba kabla ya chakula cha jioni, kwa mdomo wa mtoto wa jirani ambaye hakuwa na breki. Baba hakuniuliza kitu. Asubuhi yake nilipokuwa darasani nikaona mlango umejaa mtu. Baba, kofia mkononi, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Mwalimu, samahani kwa kuingilia kipindi. Ile sahihi ni yangu. Mimi sijui kusoma. Nilidhani mnauliza kama nakubaliana na kazi ya mtoto, nami nikakubali."

Watoto hawakucheka. Hata yule mtoto wa jirani hakucheka. Baba akageuka aondoke, akashika bawaba. "Na mlango wenu huu umelegea. Nitapita Jumamosi."

Bi Karatasi alikuwa mkali, jamani. Tusimpambe kwa sababu amekufa. Alikuwa na jicho la kukukausha mate. Lakini siku ile alikuja mbele, akaniita nisimame pembeni yake, akasema: "Jana nimemwadhibu huyu kwa kosa lisilo lake. Neno nililoandika mimi ndilo lenye kosa. Naomba radhi, mwanangu." Mwalimu, kumwomba radhi mtoto wa darasa la tatu, mbele ya darasa la tatu! Nyakati zile jambo hilo halikuwapo.

Kisha akaongeza, "Mmemwona huyu? Amekubali kuadhibiwa ili amkinge baba yake."

Na maneno hayo yakabaki. Amemkinga baba yake. Aliyasimulia kila mwaka, kwa kila darasa la tatu lililofuata. Nimesifiwa kwa maneno hayo miaka thelathini na sita.

Ijumaa iliyofuata karatasi ilikuwa nyingine kabisa. Sahihi ya mzazi imefutwa. Mahali pake: *Neno la nyumbani*. Mtu yeyote wa nyumbani aseme neno, mtoto aandike. Na hesabu zikapunguzwa, pakaingia kazi ambazo mtoto hawezi kuzifanya peke yake, na mtu mzima hahitaji kusoma ili azifanye. Hesabuni milango ya nyumbani, mseme upi unalia. Mtu mzima akuoneshe kovu lake, akusimulie lilivyopatikana. Mwenzetu mmoja alileta jibu hili: "Kovu la mjomba lipo, lakini haliwezi kuletwa mbele ya watu." Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini.

Wazazi walilalamika, msidhani. Mama mmoja, muuza mboga, alikuja juu: "Mwalimu, karatasi yako inanipekua nyumba nzima! Wiki hii mtoto kaniuliza ni nani huamka wa kwanza. Baba yake kajibu ni yeye. Tumenuniana siku tatu!" Lakini walizifanya. Baba aliyekuwa akirudi na kukaa kimya alilazimika kuulizwa swali na mtoto wake.

Ikaja Ijumaa ya kupima meza. Baba yangu akaimba siku nzima. Neno la nyumbani likawa: "Vijiti viwili na mkato mmoja mrefu." Bi Karatasi hakutia wino mwekundu. Aliagiza kijiti kije darasani, tukapima kila dawati. Mlango alioutengeneza baba tukaupima wote.

Na ikaja Ijumaa nyingine: *Mfundishe mtu wa nyumbani herufi moja.* Wiki iliyofuata, herufi nyingine. Sijui kama darasa zima tulipewa kazi hiyo kwa ajili ya mtu mmoja. Nadhani ndiyo. Baba alijifunza. Alichukua miaka miwili. Leo anasoma kwa kidole, polepole, na hapendi kuharakishwa.

Bi Karatasi alistaafu miaka kumi na minne iliyopita. Mumewe anasema: "Kustaafu gani? Watoto wa mtaa walikuja Ijumaa wanagonga, naye karatasi ziko tayari. Mimi ndiye niliyekuwa wa kujaribiwa. Amenipimisha nyumba hii mpaka bafuni."

Miezi miwili iliyopita nilikwenda kumtazama. Alikuwa anaumwa moyo, amekonda, jicho lile lile. Akaanza tena kumsimulia binti yake, aliyekuwa akimkanda miguu: huyu alimkinga baba yake. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Mwalimu, sikumkinga. Niliona haya. Sikutaka darasa lijue kwamba baba yangu hajui kusoma. Afadhali waniite mwongo, kuliko waseme mimi ni mtoto wa mtu asiyejua kusoma."

Nilidhani atanifariji. Akasema, "Hilo si langu la kusamehe. Hiyo ni kazi ya nyumbani. Ipeleke nyumbani."

Ijumaa ikapita. Nyingine ikapita. Nikawa na kikao, nikawa na mafua, nikawa na kila sababu. Jumatatu binti yake akanipigia simu akilia. "Mama ametuacha. Alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini."

Kwa mume wake, kwa binti yake, kwa dada yake, na kwa wote waliopita chumba cha mwisho karibu na bomba: poleni sana. Poleni kutoka moyoni. Mungu awape subira, na ampumzishe mahali pema. Na wewe mzazi unayesikiliza, mtoto wako akija na karatasi yake usimwambie nimechoka. Kaa naye. Akuulize, umjibu. Kuna mambo ya nyumbani ambayo hayatasemwa mpaka mtoto ayaulize, na mengine mpaka mtoto awe mkubwa ayaseme mwenyewe.

Asubuhi ya leo, kabla sijaja studio, nilipita karakanani. Baba alikuwa anapiga randa. Nikamwambia yote. Sikuremba. Nikasema, "Baba, siku ile nilikuonea haya."

Hakuacha kupiga randa. Akafika mwisho wa ubao, akapuliza vumbi.

"Nilijua," akasema. "Wiki ile nzima hukunitazama usoni. Unadhani zile herufi nilijifunza kwa ajili ya nani?"